Vitu vya Marehemu Orrin

“Usitabasamu,” Dewey alinong’ona. “Mjane akiyaona meno yako tu, bei inapanda.”

Lyle Haugen akabana midomo. Haikuwa kazi rahisi. Mbele yake, juu ya meza ya gereji, ilikaa mashine ya kujazia risasi: chuma kizito, rangi ya kijani iliyofifia, ya aina ile ambayo mababu waliifunga mezani wakawaachia wajukuu. Kando yake palikuwa na mizani ya baruti na kopo la kahawa lililojaa maganda matupu ya risasi. Vyote vilikuwa vimejifunika vumbi gubigubi.

Katika bonde lile la Montana, msimu wa kulungu ukikaribia, kila mwenye bunduki nzito na mfuko mwepesi huota gereji kama hiyo. Risasi za dukani zilikuwa zimepanda bei hata mtu akikosa shabaha anasikitikia risasi kuliko mnyama. Mwenye akili huokota maganda yake, akayajaza upya nyumbani. Lakini mashine ya Lyle ilikuwa imevunjika mpini, na friza lake halikuwa na kitu ila barafu. Ndipo asubuhi hiyo yeye na rafiki yake Dewey wakaliona tangazo la kipande cha boksi, limepigiliwa kwenye nguzo nje ya duka la chakula cha mifugo: “Vitu vya marehemu mume wangu. Mambo ya bunduki. Sivijui.”

Neno lile la mwisho ndilo lililomfanya Dewey asahau kifungua kinywa chake.

Mjane mwenyewe, Verna Tolliver, alikuwa amevaa aproni na kushika kitambaa cha kupangusia macho. Aliigusa mashine kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa mbwa wa jirani.

“Hiki nadhani ni cha kukamulia machungwa,” alisema. “Sijui Orrin alikuwa akikamua saa ngapi. Juisi yenyewe sikuwahi kuiona.”

Dewey akashikwa na kikohozi cha ghafla, akatoka nje.

“Nikisema dola sitini kwa vyote, mwanangu, nitakuwa nimekuumiza?”

Lyle alijua kwamba mashine kama ile peke yake, mpya, ingekula zaidi ya mara nne ya hizo. Alijua pia jambo jingine. Baba yake alipokufa, wanaume walikuja kununua misumeno yake, nao walisimama mbele ya mama yake wakiwa wamebana midomo vivi hivi. Mama aliwashukuru, akawapa na kahawa. Alipokuja kujua thamani ya alichokiuza, hakulia wala hakugomba. Aliacha tu kuwasalimia watu kanisani. Lyle aliapa siku ile kwamba yeye hatakuwa mmoja wa wanaume wale.

“Hujaniumiza, mama,” alisema, akalipa.

Njiani Dewey alicheka mpaka kioo cha gari kikaingia ukungu.

“Machungwa! Lyle, nakuomba, nikifa usimruhusu mke wangu akutane na watu kama wewe.”

“Kama sisi.”

“Sisi nani? Mimi nilikuwa nje nakohoa.”

Lyle hakucheka. Walipofika darajani alipunguza mwendo, akageuza gari.

“Wewe! Unakwenda wapi?”

“Narudi.”

“Umesahau nini?”

“Nimemsahau mama.”

“Mama yako si alikufa?”

“Ndiyo maana.”

Dewey alimtazama kama anayemtazama mtu aliyepigwa na jua. “Basi nishushe hapa baa. Nimeshaona mengi, lakini mtu kwenda kuomba apandishiwe bei, hilo sitaki kuliona. Wakiniuliza, nitasema hatujuani.”

Verna alikuwa akifunga mlango wa gereji. Lyle alivua kofia, akasema yote kwa pumzi moja: kwamba kile si cha machungwa, kwamba yeye alijua, kwamba alinyamaza. Kisha akatoa bahasha ya fedha alizokuwa amezidunduliza kununulia matairi ya theluji, akamshikisha mkononi.

Mjane alijifunika uso kwa kitambaa. Mabega yakamtikisika kwa muda mrefu.

“Kumbe watu kama wewe bado mpo,” alisema hatimaye. “Ngoja hapo hapo. Huondoki hapa bila jemu yangu ya matunda ya mwitu.” Akakimbilia ndani.

Lyle alibaki barazani, mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Angeendesha kwa matairi yenye kipara majira yote ya baridi, sawa. Lakini angeweza kumtazama mama yake machoni, pale kwenye picha ya ukutani. Hakuna aliyemlazimisha. Ameirudisha haki kwa mikono yake mwenyewe.

Hata hiyo jemu, akawaza, si haki kuichukua. Mjane atakula nini? Akajifuta buti, akasukuma mlango wa jikoni polepole ili amwambie asijisumbue.

Verna alikuwa stoo, akigonganisha chupa. Jikoni, kando ya jiko la kuni, mashine tano za kijani zilikuwa zimepangwa juu ya magazeti, nne bado zinang’aa ndani ya nailoni za dukani zenye kibandiko cha bei, dola ishirini kila moja, na ya tano imeshafifia kama ya kale. Mzee mmoja mwenye nyusi nyeupe alikuwa ameipakata ya sita. Alichota majivu kwa kijiko, akayasugua taratibu juu ya rangi kwa kitambaa chenye mafuta, huku akipiga mluzi.

Alisikia nyayo nyuma yake. Hakugeuka.

“Verna,” aliuliza, “Jumamosi nife kwa ugonjwa gani? Kwa moyo nimeshakufa vya kutosha.”