Mshono wa Kisogoni

Mgeni aliweka sweta ya kijivu juu ya mashine ya kufumia. "Fundi, shingo inanibana. Itoe hii, unifumie pana zaidi. Nasubiri hapa hapa."

Zawena aliipindua. Mafundi wengine wote wa mji huo huunganisha utepe wa shingo begani. Yeye peke yake huunganisha nyuma, katikati, ili mshono usionekane. Sweta hii ilikuwa na mshono wa kisogoni. Aliifuma mwenyewe, akampa kaka yake Kitwana siku alipoondoka, na tangu hapo Kitwana hajaonekana.

"Uliipata wapi, kaka?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nilipewa." Mgeni akaufunga mlango kwa kisigino. "Kwani ina nini?"

"Haina kitu. Ni kazi nzuri tu."

Alifumua utepe wa zamani, akaokota vitanzi kimoja kimoja kwenye sindano za mashine. Vitanzi viwili viliponyoka, akavirudisha. Akafuma mpaka utepe mpya ukafikia kipimo alichotaka yeye, akauunganisha nyuma. Kabla haujamaliziwa, utepe hupimwa kichwani mwa mwenye nguo.

"Vaa tujaribu," alisema.

Mgeni akainua mikono, akaingiza kichwa. Utepe ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza. Kichwa kikakwama, uso wote ukiwa ndani.

"Fundi," sauti ikasema ndani ya sufu, polepole. "Umekosea, au umefanya makusudi?"

Zawena alikuwa ameshafika mlangoni, ameshika kitasa kwa mikono miwili, na kitasa kilikuwa kinagoma kuzunguka.