Saa Tisa na Nusu Kamili

Radi alikuwa akisaini fulana ya kumi na saba pale kituo cha mafuta, mpinzani wake alipompita barabarani polepole, mkono mmoja dirishani ukimpungia.

"Shemeji, twende," akaita msoma ramani wake kutoka garini. "Kwenye kadi tumeandikiwa kufika saa tisa na nusu kamili."

"Nakuja, nakuja." Akachukua fulana ya kumi na nane.

Fulana zenyewe alizichapisha yeye, wiki nzima kabla. Zilikuwa na sura yake na neno BINGWA, ingawa ubingwa ulikuwa bado unatafutwa. Haya yalikuwa mashindano ya mwisho ya magari msimu huo, na hesabu ilikuwa nyepesi: kati ya Radi na mpinzani wake huyo, Kobe, atakayekuwa mbele leo ndiye bingwa wa madereva. Vipande vyote vya mbio vilikuwa vimekwisha, na Radi alikuwa akiongoza kwa dakika moja na nusu. Kilichobaki ni kilomita thelathini za barabara ya watu wote, kisha kukabidhi kadi kwenye meza ya karani wa saa. Hata mwanafunzi wa udereva angeiweza kazi hiyo.

Ila Radi na saa hawakuwahi kupikika chungu kimoja. Alichelewa harusini kwake mwenyewe mpaka mshenga akaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Alichelewa kumzika babu yake, akakuta watu wanarudisha viti. Katika miaka kumi na mmoja, mara tatu ubingwa ulimponyoka kwa adhabu za kuchelewesha kadi, dakika kwa dakika, na mara zote tatu aliwalaumu wasoma ramani. Watano walishamkimbia. Binti yake alipoulizwa shuleni baba yake ni nani, alijibu, "Wa pili." Darasa zima likacheka. Radi alipozipata habari hizo, hakula siku mbili.

Ndiyo maana safari hii mkewe alimpa dada yake, mwalimu wa hesabu, mama asiye na makuu, mwenye saa mbili mkononi na kitabu cha kanuni magotini. Radi naye alikuwa na nakala ya kitabu hicho. Aliitumia kuwekea jeki.

"Mimi nina kanuni moja tu," alimwambia shemeji yake siku ya kwanza. "Usichelewe."

Fulana zilipokwisha, akagutuka. Kobe alishapotea zamani. Radi akaruka garini, akakanyaga mafuta, akatupa jicho kwenye saa ya garini na kukutana na sura yake mwenyewe. Aliibandika picha yake juu ya saa hiyo tangu mwanzo wa msimu, maana saa ilikuwa ikimtia wasiwasi.

Sasa akaendesha kweli. Tusimnyime haki yake, jamaa anajua usukani. Akalipita lori la mchanga, akalipita trekta, akaupita msururu wa waendesha baiskeli waliomtukana kwa pamoja.

"Shemeji, punguza," mwalimu akasema, macho yakihama kutoka saa moja hadi nyingine. "Saa..."

"Usinitajie saa! Kama unaogopa, fumba macho."

"Siogopi. Ila tukienda hivi..."

"Tukienda hivi nitakuwa bingwa!"

"Shemeji, naomba unisikilize kwa mara ya mwisho."

"Afadhali iwe ya mwisho!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Mwalimu akafunga kitabu, akakunja mikono, akageukia dirisha na kutazama miti. Darasani pia kuna wanafunzi ambao alishajifunza kuwaachia mtihani uwafundishe.

Walipokata kona ya mwisho, Radi nusura aachie usukani kwa furaha. Gari la Kobe lilikuwa limeegeshwa pembeni, hatua hamsini tu kabla ya ubao wa njano ulioonyesha mwanzo wa eneo la meza ya karani. Mwenyewe amekaa juu ya boneti, anamenya chungwa.

"Limemfia mlangoni!" Radi akapiga honi ndefu, akatoa fulana moja dirishani na kuipeperusha. Kobe akatazama saa yake, akapunga mkono, akaendelea kumenya.

Radi akaupita ubao wa njano kwa kishindo, akafunga breki mbele ya meza mpaka karatasi za karani zikaruka. Akainyakua kadi magotini kwa shemeji yake, ambaye hakuinuka. Mashabiki wakamzunguka. Katikati yao alikuwepo mkewe, amembeba binti yao mabegani ili aone vizuri.

"Mzee," Radi akasema huku akihema, akifungua zipu ya ovaroli ili fulana ionekane, "waambie hawa watu. Nimechelewa hata sekunde moja?"

Karani akaokota karatasi zake, akavaa miwani, akatazama saa, akatazama kadi.

"Hujachelewa, mwanangu."

Watu wakalipuka. Radi akapanda juu ya paa la gari. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Miaka kumi na mmoja si mchezo.

"Baba yako wa ngapi?" akampigia kelele binti yake.

"Wa kwanza!"

Karani akangoja kelele zitulie, kisha akagonga mhuri.

"Umewahi kwa dakika mbili," akasema. "Adhabu ni ileile ya kuchelewa, dakika kwa dakika."

Hatua hamsini nyuma, Kobe akamaliza chungwa lake, akafuta mikono, akawasha gari.