Kona ya Kindi

Kindi aliunda mkokoteni mpana, wa chini, akamkodi Punda auvute. Wakashinda mbio za mikokoteni. Ngiri, ambaye hakosi la kusema, akacheka mbele ya wote.

"Fundi gani huyu? Mbio zenyewe ni za Punda!"

"Basi kesho mfunge kwenye mkokoteni wako," Kindi akamjibu. "Mimi nitavutwa na Mbuzi."

Kesho yake, Ngiri akapanda mkokoteni wake, mrefu kwenda juu kama ghala. Njia iliponyooka, aliwaacha wenzake mbali. Kwenye kona ukapinduka, akatumbukia matopeni. Kindi na Mbuzi wakapita bila hata kupunguza mwendo.

"Punda, umeniangusha!" Ngiri akafoka.

Punda akajikung'uta tope.

"Nguvu ni zangu, bwana. Lakini kona ile ni ya Kindi."