Sentensi Yangu

"Nionyeshe sentensi uliyoandika wewe," baba aliniambia mbele ya wafua vyuma wenzake wa mtaa wa Katwe.

Nilikuwa nimetoka kujigamba kwamba wanafizikia wenzangu wameinukuu makala yangu mara elfu tisa. Sikusema kwamba waandishi tulikuwa elfu tatu, na kwamba mimi nilikaa zamu kuangalia mtambo wa majaribio tu, sikuandika neno.

"Taban, mimi kila jiko ninalofua nalipiga alama yangu. Yako iko wapi?"

"Profesa anaitafuta," mmoja akacheka. "Labda imetoroka."

Nilifungua nakala ya makala niliyokuja nayo, nikaweka kidole kwenye sentensi ya kwanza niliyoiona na kuisoma.

Baba aliinakili kwa chaki kwenye mlango mpya wa chuma wa karakana yake, herufi moja moja, kisha akachukua patasi na nyundo ili aichonge.

"Nisomee tena," alisema, "nisikosee."