Mbwa Alivyompaka Paka Dawa Yake

Zamani, wanyama walipokuwa wakitibiana wenyewe, Mbwa na Paka walilala kwenye gunia moja, na viroboto wakawasumbua wote wawili. Mbwa alikuwa mkarimu, hakula mfupa bila kumbakizia mwenzake. Siku alipopata dawa ya kupaka mgongoni, akapona upesi, alimwita Paka.

"Ndugu yangu, njoo nikupake. Imebaki nyingi."

Mbuzi, mwenye tahadhari kuliko wote, alisikia.

"Hiyo ni dawa ya mbwa," akasema. "Paka ana yake. Mkiikosa, umchane kwa chanuo dogo, uwazamishe viroboto kwenye maji ya sabuni, na gunia mlifue. Ni kazi, lakini haina madhara."

Mbwa akacheka. "Wewe Mbuzi hata manyunyu unayakimbia! Kiroboto ni kiroboto. Dawa iliyoniponya mimi itamdhuru yeye?"

Paka akainamisha shingo, akapakwa. Kisha akafanya kama paka wote wafanyavyo, akajilamba mwili mzima mpaka ukang'aa. Jua halijazama akaanza kutetemeka.

"Ndugu yangu," akasema, "miguu yangu haisimami."

Mbwa akamwogesha, akamkumbatia, akamwita jina lake, lakini Paka hakuitika tena.

"Nilimpenda," Mbwa akamwambia Mbuzi. "Kila mtu anajua nilimpenda."

"Naye alijua," Mbuzi akajibu. "Ndiyo maana hakukuuliza ni dawa gani."