Baraza la Mbao na Jiko la Baba

Kaa la tatu lilidondoka kwenye baraza la mbao, na binti akalimwagia maji kabla baba yake hajageuza shingo. Doa jeusi likabaki, ukubwa wa kifungo cha koti.

Baraza hilo la uani mzee alilijenga mwenyewe, mkewe angali hai. Binti akasema yamemfika shingoni: ubao mmoja ukiungua tena, jiko la kuchomea nyama analibeba leo hii.

"Jiko hapana," mzee akasema. "Chukua televisheni, mwanangu."

Akatandika bati chini ya jiko, akamwaga mchanga juu yake, akasogeza ndoo ya maji. Mdomo nao haukulala. Zimamoto ukiwaita, wanakuja kuzoa majivu. Wakubwa ndivyo walivyo. Na aliyewashinda wote ni mwenyekiti wa mtaa, yule mama wa nyuma ya uzio: taa za barabarani zimekufa, mitaro imeziba, yeye kila Jumamosi yuko mlangoni kulalamikia moshi.

Binti, aliyekuwa haji sana siku hizi, alimwambia ajitahidi kuishi na jirani vizuri. Mwenyekiti akipiga marufuku jiko, nani atamtetea?

"Mwache aje. Maneno yake ninayo."

Lakini bati lilipata moto, mbao zikaanza kunuka. Binti akaamua jiko lishuke chini, kwenye udongo mtupu. Alijiandaa kwa ubishi. Mzee akalikokota mwenyewe hadi kwenye uzio. Akalowesha kidole, akapima upepo, akalisogeza tena kidogo. Binti akafurahi kwamba walau leo amesikia la mtu.

Furaha haikudumu. Moshi ulivuka uzio kama uliotumwa.

"Baba, unaingia kwa mwenyekiti."

"Upepo nao una serikali yake," mzee akajibu, akiendelea kupepea makaa.

Haukupita muda, geti la uani likagongwa, na si kwa upole. Binti akawahi kufungua, radhi ziko mdomoni. Mwenyekiti alikuwa amekunja uso, macho mekundu kwa moshi.

"Baba yako ana nini leo?" aliuliza, akimpita na sahani yake mkononi. "Amechelewa kuniita mpaka nikadhani anaumwa."