Maswali ya Nyanya Orpah kwa Mkwe

"Na wale watoto wachanga waliozama kwenye gharika," akauliza Nyanya Orpah, "hao nao walikuwa wamekosa nini?"

Ombati ndiyo kwanza alikuwa ameuma ndizi. Ikamkwama kooni, ikakataa kupanda, ikakataa kushuka.

Alikuwa amekuja kujionyesha kwa kina Lavender, huku Kebirigo, akiwa na sukari, mikate mitatu na koti la kuazima ambalo mikono yake iliishia mbali na vifundo. Alitaka kumwoa Lavender, na aliyekuwa na neno la mwisho ni bibi huyu. Mama mkwe, kwa heshima ya Kikisii, hakuweza hata kumpa mkono. Alikuwa jikoni ametega sikio. Babu Abner, mzee wa kanisa la Sabato, alikaa kwenye kochi na tai yake ya ibada ya asubuhi. Lakini nyanya na mjukuu hutaniana wapendavyo, kwa hivyo kumpima mchumba ilikuwa kazi ya nyanya. Wawili walikwisha kupimwa kabla ya Ombati, wakarudi kwao.

Lavender alikuwa amemwonya kwamba kwa mambo ya kanisa, nyanya yake hana mzaha. Onyo hilo lilimnyima usingizi, maana Ombati kanisani alikuwa akiingia kwa mazishi tu, na kwa harusi zenye pilau. Wiki nzima, dukani kwake Masimba, alipima misumari huku akisikiliza wahubiri kwenye simu. Na mlangoni, Babu Abner alipomwuliza kama amebatizwa, alijibu ndiyo, tena kwa maji mengi.

Akaimeza ndizi. Akasema mlango wa safina ulikuwa wazi muda wote. Watu ndio walioona mvua ni uzushi.

"Mtoto wa kunyonya angeingia kwa miguu gani?"

"Angebebwa, Nyanya. Hata twiga sidhani kama alielewa mahubiri. Alifuata tu."

Lavender akacheka ndani ya leso. Nyanya Orpah akajimiminia chai ya rangi, nzito, ilhali wengine wote walikuwa na kakao kama Wasabato wa kweli, wasiogusa majani ya chai. Ombati aliiona, akasema moyoni kwamba uzee una ruhusa zake. Aliona pia vidole vya bibi huyo vimeshika weusi wa kuchuma majani chai, weusi wa siku hiyohiyo, na siku yenyewe ilikuwa Sabato. Lakini hapo hakupata nafasi ya kufikiri, kwa sababu alikuwa ameulizwa juu ya moto wa jehanamu.

Huo alikuwa ameusomea. Akaeleza kwamba kwa Wasabato moto huo hauchomi milele. Unachoma mara moja ukaisha.

"Kumbe ni kama kuni za mkaratusi," akasema Nyanya Orpah, na huko jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka.

Kisha akaleta hoja ya wazungu, walioshika Biblia mkono huu na mashamba ya watu mkono ule. Ombati alikwisha kupata moto. Alisimama, akafungua vifungo vya koti.

"Waliiba, sikatai. Lakini mtu akivaa koti langu akaenda kuiba, mtanifunga mimi?"

Akakumbuka koti si lake, akaketi. Babu Abner aliteleza akasema amina, kisha akajifanya anakohoa. Lavender alikuwa amejiinamia magotini, mabega yakimtikisika.

Ndipo Nyanya Orpah akaweka kikombe chini. Alisimulia polepole. Mama yake alikuwa mke wa pili. Baba yake alipoingia kanisani, kamati ilimwambia abaki na mmoja, akabaki na wa kwanza. Mama akatoka kwenye boma lile na chungu kimoja, kuku mmoja, na Orpah mgongoni.

"Haya, mume wangu mdogo. Hilo nalo litetee."

Ombati aliwatafuta kichwani wahubiri wa simu, hakumpata hata mmoja. Aliiona barabara ya Masimba, na yeye anarudi peke yake. Lavender naye aliacha kucheka, akamkazia macho.

"Siwezi, Nyanya," akasema. "Huo ulikuwa ukatili."

Babu Abner akainua kichwa.

"Lakini Yesu hakukaa kwenye kamati hiyo. Yeye mwenyewe walimtoa nje ya mji, wakamwulia huko. Mimi naona siku ile hakubaki kanisani na baba yako. Alitoka na mama yako." Akaongeza, "Akambebea kuku."

Hakujua maneno hayo yametoka wapi. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba aliyaamini.

Nyanya Orpah akaangua kicheko. Kilimtingisha mpaka kitambaa cha kichwa kikamwangukia shingoni, na machozi yakafuata. "Akambebea kuku," akarudia, akajifuta, akacheka tena. Akasema Lavender amekwisha kupata mume, na jikoni vigelegele vikapasuka kabla hajamaliza.

Akamgeukia mumewe.

"Abner, umenihubiria tangu uliponioa, na kila pasta aliyeletwa Kebirigo amekalia kiti hicho akashindwa. Sasa mwambie huyu wa sasa, Sabato ijayo twende mtoni. Nabatizwa."

Kakao ya Babu Abner ikamwagika yote kwenye tai.

"Na huyu," akasema Nyanya Orpah, akimshika Ombati mkono, "tutaingia naye pamoja. Mtu aliyebatizwa hatoki jasho hivi."